Kuzaliwa, Kuoa na Kufa kwa Wajerumani

Leipzig, mwezi wa Novemba

Mwaitu, mama yangu, na ninyi nyote mtakaosomewa barua hii hapo Ikutha,

Mimi ni mzima, na sweta navaa mbili mbili kama ulivyoniagiza. Jua huku linatua saa kumi na nusu jioni, tena siku linapojisikia kutoka.

Bibi yangu, Susu, ameuliza kazi yangu hasa ni ipi. Ni hii: wale wamisionari wa Kilutheri waliokaa Ikutha miaka ya 1890 walikuwa wa misheni ya hapa Leipzig, na walipenda kuandika. Makaratasi yao yanatunzwa Halle, safari fupi ya treni. Unaketi, unaletewa faili, kalamu ya wino unaiacha mlangoni na kuingia na penseli. Mwandiko wa zamani hata wanafunzi wa Kijerumani unawashinda. Herufi zimelala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo. Lakini pale juu, pembeni, jina lasomeka bila taabu: Ikutha. Nimekatiwa tiketi ya ndege na kupewa chumba chenye joto ili nije kusoma habari za kwetu. Penye habari za njaa ya 1899, ile ambayo wazee wanaiita Yua ya Ngomanisye, nilisoma polepole, na siku hiyo chakula cha mchana sikukitaka.

Sasa, mmoja wao, Johannes Hofmann, alichapisha kitabu mwaka 1901 kuhusu kuzaliwa, kuoa na kufa kwa Wakamba. Zaidi ya miaka mia imepita na sijasikia Mkamba aliyewarudishia heshima hiyo. Nimeanza mimi.

Kuzaliwa. Mwenye sikukuu ya kuzaliwa ndiye anayeoka keki na kuibeba kazini awalishe wenzake. Kumpongeza siku moja kabla ni mkosi. Watu wenye shahada tatu tatu nimewaona wakiruka mtu akithubutu. Nimeuliza sababu. Hakuna anayeijua, ni mambo ya mababu.

Kuoa. Mahari hakuna, wala wajomba wa kuhesabu mbuzi na kulalamika kwamba mmoja anachechemea. Badala yake, kabla ya harusi, jamaa na majirani huja na sahani na vikombe wakavibamiza chini mlangoni hadi vipande vitapakae, kisha maharusi wafagie pamoja. Kuvunja kioo ni mwiko. Mwaitu, nilikumbuka kabati lako la vyombo, nikashukuru kwamba sisi tunaoana kwa desturi za kwetu.

Kufa. Hapa nilimwomba profesa mwenyeji wangu arudie. Kaburi hukodishwa! Unalipia miaka 20 hivi, kwingine zaidi. Muda ukiisha na jamaa wasipolipa tena, jiwe hung'olewa na mahali pale akapewa marehemu mwingine. Kuzikwa shambani kwako, kwa kawaida sheria hairuhusu. Nilimweleza profesa kwamba babu yangu, Umau, ameshaonyesha mwembe atakaolala chini yake, na kwamba hadaiwi senti na mtu. Akatoa daftari akaandika. Nami nikatoa langu, nikaandika kwamba ameandika.

Mengine ni madogo. Mhadhara uliopangwa saa nne huanza saa nne na robo, na robo hiyo wameipa jina la Kilatini, basi ikawa taaluma. Ya kwetu inaitwa kuchelewa. Nilipomaliza kuzungumza mbele yao waligonga meza kwa vifundo vya vidole, ndiyo makofi ya chuoni. Jumapili usipigilie hata msumari. Jirani atapanda ngazi kuja kukuuliza, kwa upole wa kutisha, kama kuna dharura.

Profesa anakuja huko Februari, ndengu zikivunwa. Nimemwambia kuna lami kutoka Kibwezi, amefurahi. Anataka kumhoji Umau kuhusu mila. Umau, mjibu yote, ila iwe swali lake moja, lako moja, na uanze wewe: kodi ya kaburi la babu yake inalipwa na nani, na imelipwa hadi mwaka gani? Chai apewe akifika tu. Mbuzi angoje jibu.

Mwanenu