Mweusi wa Kudumu

Hivi ni nani aliyepitisha kwamba kwenye chesi mweupe ndiye aanze? Kila gemu. Mwaka mzima. Mweusi kazi yake kukaa na kusubiri aone mwenzake kaamkaje. Hujagusa kitu na tayari uko nyuma, kama mpangaji aliyerithi deni la maji la aliyehama.

Kijiweni kwetu Magomeni tulikuwa na drafti letu. Visoda vya bia huku, vya soda kule, makelele, kashata, maisha yanaenda. Akaja dogo mmoja wa Form Two na ubao wake wa chesi wa kukunja. Adabu tele. "Shikamoo anko." Marahaba. Anakupangia kete. Anakuuliza kama jua halikupigi. Halafu anakuua. Akishakuua anasema, "Samahani anko." Hiyo samahani ndiyo inayonimaliza. Angenicheka ningemfokea, nikaondoka na heshima yangu. Sasa mtu kakuomba radhi utamfanya nini? Unasema haina shida baba, huku muuza kahawa kageukia pembeni, eti anapuliza mkaa.

Na sheria ya kijiwe ni kwamba aliyeshinda anashika nyeupe. Mimi sijawahi kushinda. Hesabu hiyo fanyeni wenyewe.

Nikasema basi, mweusi naye ana haki zake, ngoja nitafute difensi. Nikaingia YouTube. Jamani! Kuna difensi ya Sisili, kuna ya Wafaransa, kuna ya Waskandinavia, kuna ya Wahindi wa Mfalme, na Wahindi wa Malkia nao wapo. Dunia nzima imejilinda, kasoro Magomeni. Nikaangukia Caro-Kann, kwa sababu jamaa wa kwenye video alisema ni imara na haitaki kukariri sana. Akaanza kunila bando kuanzia hapo.

Caro na Kann ni watu wawili. Horatio Caro, Mwingereza aliyeishi Berlin, na Marcus Kann, mtu wa Vienna. Wakaiandikia kwenye jarida la chesi mwaka 1886. Mwaka mmoja kabla, kule Hamburg, Kann alikuwa kashamchapa nayo Jacques Mieses kwa hatua 24. Hayo yote yamo kichwani. Hatua zenyewe ndiyo zimegoma kuingia, ila historia niulizeni.

Yenyewe iko hivi. Mweupe anatoa askari wa mbele ya mfalme, e4. Wewe unajifanya hujamwona, unasukuma kaaskari kako kadogo c6. Yeye d4. Wewe ndiyo unamvaa, d5. Ukiliwa, c6 yupo nyuma, analipa. Wafaransa nao wanafanya mambo hayo hayo, ila wao wanatanguliza e6, sasa askofu wao wa c8 anafungiwa ndani, gemu linaisha hajaona jua. Caro-Kann askofu unamtoa kwanza, mlango unafunga baadaye. Nikaipenda hiyo. Halafu nikasikia Botvinnik aliitumia mwaka 1961 alipomnyang'anya Tal ubingwa wa dunia, na Karpov naye alikuwa mtu wake sana. Mimi nani niikatae?

Kitu hawakwambii mapema ni kwamba ukishachagua difensi, anayechagua tena ni mweupe! Hatua ya tatu tu, yeye ndiye dereva. Akitaka anamsukuma askari mpaka e5. Akitaka mnalana, halafu anakuja na c4, shambulio la Panov hilo. Akitaka anaweka f3, hiyo wanaiita Fantasia. Akitaka anatoa farasi. Kila njia na video zake, kila video na matangazo yake. Bando la wiki likakata Jumanne. Kwa hiyo nikaikomalia ya e5 peke yake. Usiku wa manane, simu kwenye chaja, mama watoto kageukia ukutani.

"Unaongea na nani saa hizi?"

"Namtoa askofu."

"Mtoto wa Kiislamu, saa nane usiku, una askofu humu ndani?"

Nikazima simu.

Kesho yake dogo na shikamoo yake. e4. Nikaweka c6 kwa kishindo, hata bodaboda wakageuka. d4. d5. Nasubiria e5 yangu. Akatoa farasi. Ya farasi nilikuwa nimeiona mwanzoni tu, kabla ya tangazo. Nikala askari wake, farasi wake akamla wangu, akasimama e4. Nikatoa farasi d7, nikaona inapendeza. Yeye akamleta malkia e2, mbele ya mfalme, kamziba askofu wake mwenyewe. Nikacheka kimoyomoyo. Mtoto kapotea. Nikatoa farasi wa pili f6. Akamnyanyua farasi wake taratibu, akamtua d6.

"Chekimeti, anko. Samahani."

Chekimeti gani wakati farasi yuko mdomoni mwa askari wangu wa e7? Nikanyoosha mkono nimle. Dogo akaonyesha kwa kidole. Huyo askari akitoka tu, malkia wa e2 anamwona mfalme wangu uso kwa uso. Haruhusiwi kutoka. Na mfalme hana pa kukimbilia, kila mlango kasimama mtu wa kwake. Malkia kaziba, askofu kaziba, farasi kaziba, askari wameziba. Nimeuawa na ukoo. Hatua sita! Kahawa niliyoagiza bado inafuka moshi.

Nikamtupia Kasparov. Nikamwambia, dogo, hata Garry Kasparov alipigwa na Caro-Kann hii hii mkononi, New York, 1997, gemu ya sita, hatua 19 kanyoosha mikono.

"Ndiyo anko. Ila yeye alipigwa na Deep Blue."

"Kwa hiyo?"

"Ile ilikuwa kompyuta. Mimi nina mtihani wa hesabu kesho."

Sijui ni huruma, sijui ni malezi, akageuza ubao. "Shika nyeupe leo, anko." Nikashika. e4. Akaweka c6. Difensi yangu! Kaniwekea mimi! Na mimi usiku wote ule nimesomea upande wa pili. Nikasema potelea mbali, nacheza alichocheza yeye. d4, farasi, akala, nikala. Farasi wake d7. Malkia wangu e2, pwaa! Wazee wa drafti wakaacha visoda wakasogea. Dogo akawaza kidogo, akaweka farasi f6. Sikungoja. Farasi d6! "Chekimeti!" Nimesimama kabisa, mikono juu. "Samahani dogo!"

Dogo akautazama ubao kwa upole. "Anko, nimemsogeza yule yule wa d7."

Kwani wana majina? Farasi si farasi? Kumbe huyo alipoondoka d7, malkia wake kafunguliwa njia. Akashuka nayo hadi d6, akamla farasi wangu bila hata kelele. Na mimi bado nimesimama. Huwezi kukaa ghafla, watu wanakuona. Nikajifanya nanyoosha miguu, nikaanza kuondoka mdogo mdogo.

"Bosi," muuza kahawa akaita, "hizi za wazee si ulisema siku ukishinda ni juu yako?"

"Sijashinda mimi."

"Lakini umeshangilia."