Namna ya Kuandika Wasifu wa Bibi Bila Kumzika Mara Mbili

Kazi hii haitangazwi mapema. Utaitwa usiku, kikao cha msiba kikiwa kimeshapitisha bajeti ya jeneza, magari, maturubai na ng'ombe, na mwenyekiti atasema, "Imebaki historia ya marehemu. Mjukuu wetu, wewe umesoma, utatuandikia kabla ya asubuhi." Wote wataitikia na daftari litafungwa. Jeneza limejadiliwa saa nzima, maisha ya mtu yamepata nusu dakika. Ipokee kazi bila kunung'unika, maana ukiikataa atapewa shemeji mwenye kompyuta, na shemeji ana faili la msiba wa mwaka jana.

Faili hilo ndilo adui wako wa kwanza. Unalijua hata kama hujaliona: marehemu alizaliwa, akabatizwa, akafunga pingu za maisha, akajaliwa watoto saba, akaanza kusumbuliwa na presha na sukari, akakimbizwa hospitali ya wilaya, akahamishiwa ya mkoa, mpaka mauti yalipomfika. Badilisha jina tu na umeshamzika bibi yeyote kuanzia Rombo hadi Songea. Hesabu mistari uone. Ugonjwa wa wiki tatu umekula nusu ya karatasi, na miaka hamsini ya kulima, kuuza, kulea na kuamua imebanwa kwenye sentensi moja. Hospitali ipe mstari mmoja, basi. Waliokesha naye wodini watamsimulia kila atakayeuliza, na bibi hakuishi miaka themanini ili tumkumbuke kwa dripu.

Toka kikaoni, zunguka nyuma ya nyumba. Huko kuna masufuria makubwa, wanawake wanamenya ndizi na kuchambua mchele, na mkamwana mkubwa ndiye mwenye mwiko. Vuta kigoda, omba kisu, menya. Mtu anayemenya haulizwi anatafuta nini. Wanaume walioko mbele wanajua bibi alizaa wangapi. Hawa wanajua alizalia wapi, nani alimkanda, na mtoto yupi alizikwa kabla hajaanza kutembea.

Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, watakujibu alikuwa mtu wa watu na mchango wao utaishia hapo. Uliza maswali yenye majibu. Aliuza nini, soko gani, siku gani ya wiki? Nani alimkopesha, na nani alikufa akiwa na deni lake? Alinunua nini kwa hela yake ya kwanza? Aligombana na nani, na nani alianza kumsalimia mwenzake? Aliogopa nini? Kabla sufuria la kwanza halijaiva utakuwa na mambo mengi kuliko karatasi yako.

Mwaka wa kuzaliwa utakuletea mzozo. Watu wengi waliozaliwa vijijini miaka ya 1930 na 1940 hawakuandikwa popote siku hiyo. Tarehe iliyo kwenye kitambulisho aliipata ukubwani, mbele ya karani mwenye haraka. Usibishane na kitambulisho, jenga umri kwa matukio. Je, alikuwa ameshazaliwa baba yake alipochukuliwa kwenda vitani Burma na jeshi la KAR, au alizaliwa aliporudi? Kama ni wa Kongwa au Nachingwea, alikuwa na umri gani trekta za mpango wa karanga zilipofika kuanzia 1947? Uhuru ulipokuja Desemba 1961, alikuwa amebeba mtoto gani mgongoni? Shangazi mmoja atatikisa kichwa na mwingine atamsahihisha, na kati yao wawili utapata mwaka ulio karibu na ukweli kuliko ule wa kitambulisho.

Sasa kazi yake, na hapa nakuomba ukae muda mrefu. Ukiandika kwamba alikuwa mama wa nyumbani aliyemsaidia mumewe katika kilimo, umefuta mshahara wa mtu mzima mbele ya kaburi lake. Chukua mfano wa Kilimanjaro, ambako nimesikia wasifu wa namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Kahawa ilikuwa zao la baba. Chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanza 1933, kilimwandikisha baba, kikapima gunia la baba na kumlipa baba. Mkunguni alikuwa mama. Ndizi zilizofunika kihamba kizima, yaani shamba la nyumbani, zilikuwa zake: alizikata, akazibeba kichwani hadi Mwika, Marangu au Kiboriloni, akazipangia bei, na akarudi na chumvi, mafuta ya taa na daftari za shule. Majani ya ng'ombe alishuka kuyakata tambarare akapanda nayo mlima. Mwaka 1989 mfumo wa dunia wa kugawana mauzo ya kahawa ulipovunjika na bei kuporomoka, nyumba nyingi za mlimani zilisimama kwa mkungu na kwa chupa ya maziwa. Ukimwandika bibi wa Kilimanjaro bila bei ya mkungu, umeandika historia ya mumewe kwa jina la mkewe.

Kama familia itaona unazidisha, wakumbushe mwaka 1983. Mwaka huo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wasifu unaosomwa makaburini leo bado haujaufikia uamuzi huo, na sioni sababu ya kuendelea kuusubiri.

Kielelezo kipo, tena kimeandikwa na fundi. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad alimchukua mwanamke wa Fumba aliyekulia katika ufinyanzi, akiuza vyungu kabla sauti yake haijaingia kwenye santuri huko Bombay mwaka 1928, na hakuvificha vile vyungu. Alielewa kwamba anayeruka vyungu hawezi kueleza ile sauti. Bibi yako huenda hakuimba popote zaidi ya kwaya ya mtaa, lakini vyungu vyake anavyo.

Usisahau shule aliyosoma akiwa mtu mzima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata wanawake wengi waliingia kwenye madarasa ya kisomo jioni, mgongoni mtoto, mkononi kalamu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakatoka hapo kwenda kuchimba vyoo. Uliza alisoma na nani, na neno la kwanza aliloandika lilikuwa lipi. Bibi yangu mzaa mama alijifunzia huko, na mpaka macho yalipomkataa ndiye aliyeshika daftari la upatu wa kinamama wa kijiji kizima. Kwenye wasifu wake iliandikwa kwamba hakubahatika kupata elimu. Niliisikia sentensi hiyo kwenye kipaza sauti, na naandika mwongozo huu ili isisomwe tena juu ya bibi wa mtu mwingine.

Uliza pia miaka ya mwanzo ya 1980, sukari na sabuni zilipokuwa za foleni. Aliyefua kwa majani ya mpapai ili watoto waende shule na mashati meupe ana aya yake.

Kuhusu ndoa, kila wasifu unasema alikuwa mke mwaminifu. Vizuri, eleza uaminifu huo ulifanya kazi gani. Mabwana wengi wa mlimani walikuwa na kazi Dar es Salaam, Arusha au Mombasa na walirudi Desemba. Basi andika nani alisimamia nyumba kuanzia Januari hadi Novemba, nani aliamua ng'ombe yupi auzwe, nani aliwauguza wakwe wawili mpaka wakazikwa. Kama walipendana, tafuta ushahidi wa kupendana: barua alizotunza, kiti ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia. Na kama ndoa ilikuwa na majeraha, waulize watoto wake wanaruhusu kusemwa nini. Wakikataa, nyamaza, lakini usiite amani kitu ambacho hakikuwa amani. Mawifi wanasikiliza, majirani wanasikiliza, na binti zake wamesimama mstari wa mbele.

Mwachie ukali wake pia. Bibi aliyelea nyumba ya watu kumi na wawili kwa upole mtupu sijamwona. Alimfukuza mchumba fulani kwa fagio, hakumsemesha balozi wa nyumba kumi kwa sababu ya mpaka wa shamba, alihesabu vijiko baada ya kila sherehe. Siku ukisoma hayo, umati utacheka huku unalia, na ndipo utajua kwamba aliyelala mbele yao ni yule yule waliyemfahamu.

Orodha ya walioachwa iende mwisho. Zamani majina yalikuwa na sababu ya kutangulia. Tangazo la kifo la Redio Tanzania ndilo lililokuwa barua: habari ziwafikie fulani wa Mwanza na fulani wa Mtwara, mazishi ni kesho. Siku hizi simu imeshawafikia wote na wengine wameshika picha tayari, kwa hiyo karatasi ina nafasi ya kumzungumzia marehemu mwenyewe. Lakini orodha ikaguliwe na mama mkubwa kabla ya kupiga chapa. Waliotangulia mbele ya haki wahesabiwe, maana yeye aliwahesabu kila siku. Na yule mtoto asiye wa tumbo lake, aliyeletwa akiwa na miaka miwili na hakuchukuliwa tena, aandikwe katikati ya wenzake kwa umri wake. Usimtupe mwishoni na neno "pia".

Pwani mambo yanakwenda tofauti, na mwongozo uyafuate. Kwa Waislamu maziko hayasubiri, mara nyingi ni siku hiyo hiyo, na hakuna wa kusoma kurasa mbili kaburini. Kumbukumbu inakaa ndani, kwenye mikeka, katika siku za matanga, kisha kwenye hitima na arobaini. Kaa na wanawake siku hizo, sikiliza, andika taratibu. Una muda ambao mwenzako wa bara hana.

Siku ya kusoma, linda dakika zako. Utaambiwa ratiba imebana, usome kwa kifupi, kisha atapewa kipaza sauti mwanasiasa ambaye hakuwahi kuingia uani kwa bibi, na ratiba italegea. Mwone mshereheshaji asubuhi na mapema, mwambie unahitaji dakika kumi, na mwombe mchungaji au katekista awe shahidi. Msomaji asiwe mwenye sauti nzuri kuliko wote. Awe mjukuu aliyelala naye kitanda kimoja, ajizoeze mara tatu kwa sauti, na nyuma yake asimame mtu wa kupokea karatasi akishindwa kuendelea.

Kama bibi yako bado yuko hai, una bahati iliyowapita wengi wetu. Nenda Jumamosi, beba sukari, washa simu irekodi, umuulize bei ya mkungu mwaka alioolewa.

Na karatasi ikishasomwa usiiache mikononi mwa fundi wa muziki. Toa nakala, moja ikae pamoja na karatasi za kihamba, nyingine apewe mtoto aliyerithi jina lake. Chini ya ukurasa wa mwisho acha nafasi ya mistari kumi hivi. Siku ya kuanua tanga shangazi atakuja na masahihisho, na atataka yaandikwe mbele yake.