Nanga Haikaliwi

Mtoto wa miaka minne hivi, aliyevaa helmeti yenye masikio ya sungura, ndiye aliyeniokotea kofia. Nilikuwa nimelala chali kwenye theluji ya Tirol, Austria, mguu mmoja umeelekea Italia na mwingine Ujerumani, na lifti nzima imesimama kwa ajili yangu. Kwa mara ya tatu. Lifti ikisimama, wote walioshikwa nayo husimama hapo hapo mlimani, kisha hugeuza shingo kuona ni nani. Watu kama arobaini waligeuka. Wanangu wawili ndio pekee walioendelea kutazama mandhari.

Kosa ni langu, maana kijiji nilikichagua mimi. Binti yangu wa miaka 15 alitaka Val Thorens, Ufaransa: mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, theluji ya uhakika, na eneo zima la Les Trois Vallées linajivunia njia za kuteleza kilometa 600. Nikamwambia kilometa 600 ni Dar hadi Moshi na chenji inabaki, nani atazimaliza kwa wiki moja? Mdogo wake alichotaka ni intaneti tu. Basi nikavipanga vijiji kwa bei, nikabofya cha chini kabisa.

"Baba, umeangalia lifti zao ni za aina gani?"

"Lifti ni lifti, mwanangu."

Lifti si lifti. Ipo ya vibanda, unaingia mlango unafungwa, kama daladala yenye nidhamu. Ipo ya viti. Na ipo ya kukokota. Juu unapita waya mnene wa chuma, kutwa nzima, haupumziki. Kwenye waya yananing'inia makasha, na ndani ya kila kasha kuna springi na kamba iliyoviringishwa, kama futi ya chuma ya fundi seremala, ile inayojirudisha yenyewe. Mwisho wa kamba kuna fimbo ya umbo la T iliyopinduliwa, nanga kabisa. Watu wawili husimama bega kwa bega, kila mmoja na mkono wake wa nanga chini ya makalio. Kamba hufunguka taratibu ili usinyakuliwe kama kifaranga na mwewe, kisha hukaza, nawe unakokotwa ukiwa umesimama, skii zikiteleza zenyewe. Umesimama! Siri yote iko hapo. Ukikaa, springi inakutii: inaachia kamba, inaachia tena, mpaka makalio yatue kwenye theluji. Mhandisi Ernst Constam alianza na lifti ya namna hii Davos, Uswisi, mwaka 1934, wakati huo ikiwa ya mtu mmoja mmoja. Ni akili kubwa sana, na nasema hivyo nikiwa nimeichunguza kutoka chini.

Ila mimi nimelelewa Moshi. Ukisogezewa kitu nyuma ya makalio, umekaribishwa; unakaa.

Binti yangu alikataa nanga moja nami, akapanda na mtu asiyemjua. Nikapangiwa bibi wa miaka kama sabini. Tulianguka naye mara mbili. Ya tatu alinisukuma nianguke peke yangu. Ile ya pili, tukiwa tunapangusana theluji, aliniuliza kwetu ni wapi.

"Kilimanjaro!" akafurahi. "Basi theluji umeizoea."

Akanikumbusha kwamba Ludwig Purtscheller, aliyefika kileleni na Hans Meyer mwaka 1889, alizaliwa Innsbruck, hapo jirani.

Utani ukanitoka. Theluji ya kwetu nimeitazama utoto wote kama picha ya ukutani, sijawahi kuigusa. Wengi wetu hupanda mlima ule tukiwa na mzigo wa mgeni kichwani. Na huku nako kuteleza ni urithi: babu anamfundisha mjukuu angali na miaka mitatu, na shule ikipanga safari ya skii, kila mtoto anahesabiwa kuwa anajua. Safari yake ya kwanza ya shule, binti yangu aliimaliza kwenye kundi la wasiojua, yeye na mwalimu, basi. Hakuniambia. Nimelijua mwaka huu, tukiwa kwenye foleni ya kukodi viatu.

Siku ya pili nilivaa viatu hivyo cha kushoto kulia. Siku ya tatu nilidhani njia nyekundu ni ya wanaojifunza, nikaishuka kwa makalio, ambayo angalau yalishaizoea kazi.

Kuhusu sauna ya hoteli, ambamo kwa desturi ya huku watu huketi kama walivyozaliwa, wake kwa waume, sisemi neno. Ila niliingia na bukta na taulo mbili, na yule bibi alikuwemo. Akasogea, akapigapiga ubao kando yake.

"Hapa," akasema, "ruksa kukaa."