Kungwi wa Kompyuta: Msitoe Talaka kwa Hasira

Barua za wiki hii zina kilio kimoja. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wamekuwa wakihamia Windows 11, wengine kwa hiari, wengine kwa kuchoshwa na tangazo lisilojua maana ya "hapana". Walionunua kompyuta za kiwandani wana pa kulalamika, maana kasha lina chapa na chapa ina kampuni. Nyinyi mliojiunganishia wenyewe, bodi kutoka duka hili, RAM ya rafiki, pawa saplai ya mtumba, mtampigia nani simu? Kampuni ni wewe. Idara ya malalamiko ni wewe. Mshenga uliyewakutanisha hawa wote ndani ya kasha moja ni wewe, kwa hiyo wakigombana kikao kinakaa kwako. Kungwi kazi yake ni kukufundisha namna ya kukiendesha.

"Haniongeleshi"

*Shikamoo Bi Kungwi. Kompyuta yangu niliiunganisha mwaka 2020, tumeishi kwa raha mustarehe. Juzi nilifuta kila kitu nikaweka Windows 11 upya, tena kwa njia za panya, bila intaneti. Sasa spika kimya, waya wa intaneti nimechomeka lakini Windows anadai hauoni, na maandishi kwenye skrini yamevimba. Fundi wa mtaani kasema bodi imekufa, ninunue nyingine. Ninunue?*
*— Mpweke, Tabata*

Marahaba. Usinunue. Bodi iliyokufa haikuwashii mashine ikakuonyesha maandishi, yawe yamevimba au yamekonda. Ulichonacho ni mashine isiyo na draiva. Windows ikikosa draiva ya kadi ya picha hutumia ile ya dharura, ambayo inajua kukuonyesha skrini na basi. Waya wa intaneti ukikosa draiva yake hunyamaza, na sauti nayo inaweza kunyamaza.

Bofya kulia kwenye alama ya Windows, fungua Device Manager. Kila chenye alama ya njano kina lake la kusema. Kibofye mara mbili usome namba ya kosa. Ukikuta 28, mshukuru Mungu: maana yake draiva haijawekwa, hakuna kilichoungua. Kisha ingia Details, chagua Hardware Ids. Hapo kuna herufi VEN zikifuatwa na alama nne. Hilo ndilo jina la ukoo. 10DE ni NVIDIA. 1002 ni AMD. 10EC ni Realtek, ambaye kwenye bodi nyingi ndiye mwenye sauti na mwenye waya wa intaneti. 8086 ni Intel, waliojipa namba ile ile ya prosesa yao ya mwaka 1978, kwa hiyo hata wao wanajua kumkumbuka babu. Zile za DEV zinazofuata ndizo jina lake mwenyewe.

Ukishaujua ukoo, nenda nyumbani kwao. Soma jina kamili la bodi lililochapwa juu ya bodi yenyewe, pamoja na toleo lake, uchukue draiva kwenye tovuti ya walioitengeneza. Ya kadi ya picha chukua kwa NVIDIA au AMD wenyewe. Zile programu zinazoahidi kukutafutia draiva zote kwa mpigo ni madalali. Nyingine zitakuletea wageni ambao hukuwaalika. Utaniuliza intaneti utaipata wapi ilhali waya hauonekani. Chomeka simu yako kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB, na mara nyingi Windows huitambua bila maneno. Anza na draiva ya intaneti, mengine yatafuata.

Na yule fundi mwulize alipima kwa kitu gani.

"Kosa ni la Windows, sivyo?"

*Bi Kungwi, mimi huhariri video za harusi. Tangu nipandishe Windows 11 mashine inajizima na kujiwasha, siku nyingine inaganda bibi harusi akiwa katikati ya kukata keki. Wateja wamenichoka. Nataka kurudi Windows 10 lakini njia siioni tena. Kosa ni la Windows, sivyo? (Nilisahau: siku hiyo hiyo niliongeza RAM ya pili, binamu akanielekeza kubadilisha vitu kwenye BIOS, na kasha nikalisukuma chini ya meza.)*
*— Mpiga Picha, Nakuru*

Barua yako yote iko ndani ya mabano. Mficha uchi hazai, bwana mdogo. Umefanya mambo manne siku moja, kisha unamshtaki mmoja kwa sababu ndiye mgeni anayefahamika jina.

Ukiondoa yote kwa pamoja mashine itapona na hutajua imeponaje. Mwezi ujao utarudi hapa hapa. Ondoa moja, tumia siku nzima, andika ulichokiona, ndipo uende kwa lingine. Anza na RAM ya pili: itoe. Mashine ikitulia, usiitupe bado. Huenda ni nzima ila haipatani na mwenzake kwa mwendo aliouweka binamu. RAM za DDR4 zinazouzwa kwa jina la 3200 mara nyingi hulifikia jina hilo ukiwasha XMP kwenye BIOS. Usipoiwasha hutembea polepole, 2133 au 2400 au 2666. RAM za makampuni mawili zikilazimishwa kukimbia sambamba, zinaweza kuangushana. Zima XMP ujaribu tena. Angalia pia zilipokaa: bodi nyingi zenye nafasi nne zinataka RAM mbili zikae ya pili na ya nne, kuhesabu kutoka kwenye prosesa.

Ukitaka hukumu isiyo na rufaa, weka Memtest86+ kwenye flashi, washa mashine kutoka kwenye flashi hiyo, uiache ipime usiku kucha. Inafanya kazi nje ya Windows kabisa. Ikikuta makosa hapo, Windows hakuwepo hata eneo la tukio. Ikitoka safi kwa RAM zote mbili, sasa tazama joto: kasha lililobanwa ukutani chini ya meza linavuta hewa yake lenyewe iliyokwisha kuchemka, na kuhariri video ndiyo kazi inayolipasha.

Kuhusu kurudi: Windows 11 hukupa siku 10 za kughairi, ikiwa hujaifuta folda ya Windows.old. Zikipita, kurudi ni kuanza upya.

"Nimefungiwa nje ya nyumba yangu"

*Asalaam aleikum Bi Kungwi. Baada ya kuweka Windows 11 upya nilisoma kwamba ni vizuri kusasisha BIOS pia. Nikasasisha. Mashine ikawaka na skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Mimi sijawahi kufunga chochote! Humo mna picha za watoto na hesabu za duka.*
*— Aliyefungiwa Nje, Muscat*

Waaleikum salaam. Hukufunga wewe, umefungiwa. Windows 11 inataka TPM 2.0, kile kitunza siri ambacho kwenye kompyuta nyingi za kujiunganishia kimo ndani ya prosesa au chipseti ya bodi: Intel wanakiita PTT, AMD wanakiita fTPM. Kwenye matoleo ya karibuni, ukiweka Windows 11 upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, diski yako inaweza kusimbwa fiche kwa BitLocker bila wewe kuulizwa. Ufunguo anautunza TPM, naye huutoa akiona mashine imewaka vile vile alivyoizoea. Uliposasisha BIOS, ama alifutwa kumbukumbu au alimwona mtu asiyemjua. Amefanya kazi yake.

Chukua simu, ingia kwenye akaunti ya Microsoft uliyoitumia siku ya kwanza, tafuta funguo za BitLocker. Linganisha utambulisho wa ufunguo ulioko kwenye skrini na ule wa kwenye akaunti, kisha andika tarakimu zote 48 bila pupa. Ukiwa na akaunti mbili tatu, jaribu zote, hata ile uliyofunguliwa na mpwa wako. Ufunguo usipopatikana popote, hakuna fundi atakayeifungua. Atakayekuahidi anataka nauli. Diski itabaki nzima na itafutika itumike tena, lakini picha utakuwa umezizika.

Wengine mjifunze kwake: kabla ya kugusa BIOS, sitisha BitLocker kwa muda, andika ufunguo kwenye karatasi, na karatasi isikae ndani ya kasha la kompyuta.

"Umehongwa na Microsoft"

*Wewe Kungwi kila wiki unatulaumu sisi wenye mashine. Windows yenyewe haikosei? Au unalipwa?*
*— Mwenye Macho, Mombasa*

Ningelipwa nisingekuwa najibu barua. Ndiyo, naye hukosea, na nina ushahidi. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, prosesa za AMD Ryzen zilipungua kasi kwa sababu akiba yao ya L3 ilikuwa ikifikiwa kwa kuchelewa. Marekebisho yalikuja mwezi huo huo. Machi 2022 AMD nao walikiri kwamba fTPM kwenye baadhi ya mashine ilikuwa inasababisha kompyuta kukwama kwa vipindi vifupi, sauti na picha zikikatika pamoja. Dawa yake ilikuwa BIOS mpya, nayo ilitegemea kila mtengenezaji wa bodi aitoe kwa wakati wake. Mtu aliyebadilisha kadi ya picha kwa sababu hiyo alinunua kadi mpya akabaki na kukwama kule kule.

Kwa hiyo silaumu mwenye mashine. Namlaumu anayehukumu kabla ya kupima, na anayepoteza fedha kwa kufuata wa kwanza aliyemwonyesha kidole.

Majibu ya chapuchapu

*Saa inarudi mwaka wa nyuma kila umeme ukikatika (Tanga):* Betri ya bodi, CR2032, ile ya duara. Ibadilishe. Saa ikikosea, hata tovuti salama zitakukataa, na utadhani ni intaneti.

*Nikizima na kuwasha, Bluetooth haipo. Nikichagua Restart, ipo (Kisumu):* Ukizima, Windows yenye Fast Startup huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski na kuirudisha kesho pamoja na kasoro zake. Restart ndiyo huanza upya kwelikweli. Zima Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme.

*Nina Core 2 Duo, niliilazimisha Windows 11 ikakubali, sasa toleo la 24H2 haliwaki kabisa (Morogoro):* Na halitawaka. Toleo hilo linatumia amri ya POPCNT ambayo prosesa yako haikuzaliwa nayo, na hakuna draiva ya kumfundisha. Mpe Linux Mint, mtazeeka pamoja kwa amani.

Na ya mwisho, kutoka kwa mke

*Bi Kungwi, mume wangu tangu apandishe hiyo Windows haji kulala. Saa hizi saa sita za usiku kakodolea skrini nyeusi yenye asilimia, nikimwita ananinyooshea kiganja. Anasema "nasasisha BIOS". Nimepanga nikazime swichi ya ukutani. Nishauri haraka.*
*— Bi Mkubwa, Kigamboni*

Mama, simama hapo hapo, mkono mbali na swichi! Umeme ukikatika BIOS ikiwa inaandikwa, bodi inaweza isiwake tena, na baadhi tu ya bodi zina kitufe cha kuifufua kwa flashi. Utakuwa umemfukuza mke mwenza kwa kumleta mwingine wa bei mbaya zaidi, maana kesho asubuhi mtu huyo atakuwa Kariakoo na pesa ya ada.

Mwache hadi ifike asilimia 100, ijizime na kujiwasha yenyewe. Kisha muulize, taratibu, kwa nini anafanya kazi hiyo usiku bila UPS. Akikosa jibu, hapo ndipo unyooshe kiganja wewe.