Namna ya Kukosa Tuzo na Kurudi na Faida

Kombe unalitaka, tusifichane. Hata mahali pa kuliweka umeshapaona, pale kaunta pembeni ya mashine ya risiti ya EFD. Lakini una wafanyakazi sita na huenda usishinde. Fanya hivi.

1. Usinunue. Ikija barua pepe ya pongezi kutoka nchi ambako hujawahi kuuza hata chupa moja ya achari, halafu inakudai pesa ya meza na ngao, ifute. Pesa hiyo itengenezee lebo nzuri.

2. Tafuta wa saizi yako. Kenya, shindano la Top 100 la KPMG na Nation Media Group lililenga kampuni zenye mauzo ya shilingi milioni 70 hadi bilioni 1. Tanzania, tuzo ya Rais kwa wazalishaji bora, inayoandaliwa na Shirikisho la Wenye Viwanda Tanzania (CTI), ina kipengele cha viwanda vidogo. Ingia hapo, waachie wenye saruji uwanja wao.

3. Fomu ya kushiriki ndiyo yenye mali. Itakuuliza mauzo, kodi, ajira, alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Jaza kweli tupu, kisha fanya ujanja huu: faili hilohilo mpelekee afisa mikopo, liingize kwenye zabuni, mwonyeshe meneja wa supamaketi. Wenye biashara wengi hawajawahi kukaa chini wakapiga hesabu ya faida ya mwezi. Kwangu mimi, fomu ikikulazimisha hilo tu, imeshakulipa. Huna mhasibu? Mtafute leo, jiambie ni kwa ajili ya kombe. Tamaa ya sifa itakufanyisha kazi ambayo hofu ya wakaguzi ilishindwa kukufanyisha.

4. Usiku wa tuzo vaa upendeze, na usigande kwenye meza yako. Jina lako lisiposomwa, piga makofi kwa moyo, mfuate mshindi, mpongeze, muulize vifungashio anavinunua wapi. Usiku ule atakwambia kila kitu.

5. Kama ulifika fainali, andika hivyo kwenye tangazo lako, pamoja na mwaka. Cheti cha ushiriki kipeleke kiwandani, kila mtu apige nacho picha. Mama anayemenya maembe tangu alfajiri naye anastahili kutuma picha hiyo kwa ndugu zake. Halafu shika simu, anza na namba ulizokusanya usiku wa tuzo, wa kwanza akiwa yule wa vifungashio.