Lori Jipya au Lililotumika: Mhadhara Mkuu wa Kamenu

Lori la dizeli huwa jipya mara moja tu katika uhai wake, na hali hiyo hudumu kuanzia lango la kiwanda hadi shimo la kwanza la njia ya machimboni. Baada ya hapo limetumika, hata kama viti vyake bado vimevikwa nailoni. Huu ndio msingi wa elimu ya malori, elimu pana na nzito isiyofundishwa katika chuo kikuu chochote, jambo linaloeleza kwa nini wataalamu wake wote wamejitawaza wenyewe. Katika wadi ya Kamenu, mjini Thika, hupatikana kwa wingi kushinda malori yenyewe. Mkuu wao, ambaye mafundisho yake ndiyo yanayofuatwa hapa, hajawahi kumiliki lori. Upungufu huo haumpunguzii kitu; mkunga naye haulizwi amejifungua mara ngapi.

Kamenu haikuteuliwa kwa upendeleo. Barabara ya Garissa huleta mchanga kutoka upande wa Matuu na Kithimani. Machimbo ya Ndarugo, upande wa Juja, hutoa mawe ya kujengea yanayouzwa kwa futi. Katikati, kila ploti iliyokatwa jana ina ndoto ya kuwa nyumba ya kupangisha, na ndoto hiyo hula mawe, mchanga, kokoto na maramu bila kushiba. Kwa hiyo kila mstaafu mwenye kiinua mgongo, kila mwenye duka aliyechoka kuuza unga, na kila ndugu aliyetumiwa pesa kutoka ughaibuni hufika siku moja kwenye swali kuu: anunue lori jipya la shoorumu, au lile lililosimama kando ya barabara likiwa na karatasi ya “inauzwa” kwenye kioo?

Kabla ya jibu sharti historia ipitiwe, kwa kuwa mteja asiyejua historia hulipa ada pungufu. Injini ya Rudolf Diesel ilifaulu majaribio yake mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda mpaka ipate joto la kuwasha mafuta yenyewe, bila plagi ya cheche. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alitoweka kutoka kwenye meli iitwayo Dresden akielekea Uingereza, huku madeni yakimwandama. Mtaalamu wa Kamenu hulitaja tukio hilo kwa sauti ya chini kila mteja anapoanza kuuliza habari za mkopo.

Thika yenyewe ina sura katika historia hii. Tangu miaka ya 1970 mji huu umekuwa na kiwanda cha kuunganisha magari, kwanza kikiitwa Leyland Kenya, kisha Kenya Vehicle Manufacturers, yaani KVM. Kwa miaka mingi Serikali ilishika asilimia 35 ya hisa, na zilizobaki zikagawanywa sawasawa kati ya kampuni za CMC na DT Dobie. Hii ndiyo sababu mkazi wa Thika, awe kinyozi au muuza maparachichi, hujihisi ana haki ya kuzaliwa nayo ya kupiga chasisi kwa ufunguo na kutoa hukumu.

Sasa lori jipya. Sifa zake hazina ubishi: lina waranti, spea zake zinajulikana zinakopatikana, historia yake ya ajali ni ukurasa mweupe, na benki hulipenda kuliko inavyompenda mwenye kulinunua. Upendo huo wa benki ndio unaostahili kuchunguzwa. Katika mfano wa darasani, lori lina bei ya shilingi milioni 10. Mnunuzi anatoa milioni 2 kama malipo ya awali, na milioni 8 zinakopwa kwa miezi 48, riba ya asilimia 14 kwa mwaka juu ya salio linalopungua. Kila mwezi benki itadai takribani shilingi 218,600. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi, hizo ni zaidi ya shilingi 8,400 kila asubuhi, kabla tone la dizeli halijaingia kwenye tangi, kabla dereva hajalipwa na tanboi hajanywa chai. Hadi mkopo unaisha, riba peke yake imefika karibu milioni 2 na nusu, na katika muda huo wote jina la benki limekaa kwenye logbuku bega kwa bega na la mwenye lori.

Wanafunzi wengi husikia hesabu hiyo na kusema, “Si kitu, kazi iko.” Katika elimu ya malori hakuna sentensi yenye gharama kuliko hiyo. Kazi iliyoko ni ya mdomo. Ilitajwa na shemeji anayefahamiana na kontrakta, na kontrakta huyo analipa baada ya siku 90, akilipa. Halafu huja masika. Kuanzia Machi hadi Mei njia za machimboni hugeuka tope, misingi ya nyumba hujaa maji, na lori hukaa uani likioshwa na mvua ya bure. Benki haina kalenda ya mvua. Kwa hiyo mtaalamu amefikia kanuni anayoitangaza kwa kidole kilichoinuliwa: lori jipya haliogopi fundi, huogopa tarehe tano ya mwezi. Anayelinunua anapaswa kushika mkononi kandarasi ya maandishi, iwe ya kusafirisha bidhaa za kiwanda au ya kupeleka kokoto kwenye mradi wa barabara, yenye muda usiopungua sana ule wa mkopo. Asiye na karatasi hiyo atakuwa amenunua deni lenye magurudumu kumi.

Lililotumika lina matabaka mawili. La juu ni lile lililotumika ng'ambo. Kwa kuwa Kenya huendesha upande wa kushoto na usukani hukaa kulia, vyanzo vikuu ni Japani, inakotoka mifano ya Isuzu, Fuso na Hino, na Uingereza, inakotoka DAF, Scania na Actros. Kiwango cha KS 1515 cha shirika la KEBS kwa miaka mingi kimeweka kikomo cha miaka minane kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini, kwa hiyo mzigo huo hufika ukiwa mtu mzima lakini si mzee.

Hapa hutokea kosa la kusoma nambari za usajili kama cheti cha kuzaliwa. Herufi za KAA zilianza mwaka 1989 na za KBA mwaka 2007, na mtaani kila mtu hujua kupiga mahesabu kutoka hapo. Lakini herufi hizo husema lori lilisajiliwa lini Kenya, si liliundwa lini. Lori lenye herufi za majuzi linaweza kuwa lilikwisha kubeba mizigo miaka saba huko lilikotoka. Mwaka wa kuundwa husomwa kwenye logbuku, kisha hulinganishwa na nambari ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma. Nambari hizo zikitofautiana, mazungumzo ya bei huishia papo hapo.

Lori la Uingereza lina fumbo lake la ziada. Yale yaliyotengenezwa kwa kiwango cha Euro VI huja na kichujio cha masizi kwenye ekzosi na tangi dogo la AdBlue, kimiminika cha urea kinachopunguza gesi chafu. Mitambo hiyo ilibuniwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Afrika Mashariki ilishuka hadi sehemu 50 mwezi Januari 2015, hatua kubwa kwa mapafu ya watu, ndogo kwa kichujio hicho. Kikiziba, taa ya onyo huwaka na kompyuta hupunguza nguvu za injini hadi lori la farasi 400 lianze kutembea kama limefiwa. Kuna fundi atakayejitolea kukikata na kuidanganya kompyuta kwa bei nafuu. Mtaalamu hulaani kitendo hicho hadharani, na nambari ya simu ya fundi huyo anayo.

Vilevile kuna mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Ulaghai huo ulienea kiasi kwamba mwaka 2018 Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida yake ipotee. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli inavyofanya, na nozeli za kisasa, zinazofanya kazi kwa presha kubwa mno, huumia mapema. Injini za zamani zenye pampu ya kawaida huvumilia dhambi hizo zaidi. Ndiyo sababu Fuso FH kuukuu, lenye rangi iliyopauka na maombi ya kumlilia Mungu yaliyoandikwa juu ya kioo, bado linapanda kutoka Ndarugo wakati jirani yake wa kisasa anasubiri mtu wa laptopu kutoka Nairobi.

Tabaka la pili ni lori lililotumika hapahapa, na hili ndilo uwanja halisi wa taaluma. Lina faida moja kubwa, kwamba watu wanalijua. Dereva aliyeliacha yuko hai, fundi aliyelifungua yuko mtaa wa pili, na wote wawili husema kweli wakinunuliwa chakula mbali na mwenye lori. Ukaguzi wenyewe hufanywa asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Mkaguzi huweka kiganja juu ya injini kabla ya salamu. Ikiwa na joto, mwenyewe aliamka mapema kuficha tabia yake ya kukataa kuwaka. Ikishawaka, moshi husomwa. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, pengine kichujio cha hewa kilichoziba au nozeli zilizochoka. Wa buluu ni oili inayoungua, yaani ringi na pistoni zinaomba kustaafu. Mweupe wa dakika chache si hoja, lakini ukidumu huku maji ya rejeta yakipungua, hedi gasketi imekwisha. Kisha kifuniko cha oili hufunguliwa injini ikinguruma. Pumzi nyepesi ni kawaida. Mvuke unaotoka kwa kishindo ni bili ya ovahoo inayojitambulisha.

Ukilala chini ya lori ndipo elimu inapokomaa, na suti ya mtaalamu ndipo inapomzuia kuendelea. Huko hutafutwa nyufa kwenye chasisi, mistari ya kuchomelea iliyopakwa rangi mpya, springi zilizovunjika na kufungwa kwa waya, na oili inayodondoka kwenye difu. Kwenye tipa, jeki ya kuinulia bodi huangaliwa ikiwa imebeba mzigo. Bodi tupu huinuka hata kwa lori lililokata tamaa. Rangi mpya peke yake si sifa, ni swali. Odomita haiangaliwi kabisa, isipokuwa kwa burudani. Mwisho lori hupakiwa mawe na kupandishwa mlima kutoka daraja la mto Chania kuelekea mjini. Thika iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Mombasa, na turbo iliyochoka hujitangaza yenyewe kabla ya kufika juu.

Umri wa lori, hata hivyo, huamuliwa na uzito kuliko miaka. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu lori la ekseli tatu tani 26 pamoja na mzigo: 8 kwa ekseli ya mbele na 18 kwa zile mbili za nyuma. Tipa tupu hula sehemu kubwa ya hizo kabla ya jiwe la kwanza. Wateja wa mchanga hutaka zaidi, wenye malori hukubali, na mzani wa Juja hukwepwa kwa njia za vumbi zinazovunja springi zilezile. Lori la miaka minne lililoishi hivyo ni kongwe kuliko la miaka kumi na miwili lililokuwa likibeba mikate. Lori la kampuni inayouza magari yake kila baada ya miaka kadhaa, lenye kumbukumbu za sevisi, ni bora kuliko yote ya kando ya barabara, na kwa bahati mbaya halihitaji dalali.

Kodi haibagui. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kodi ya awali ya malori hadi shilingi 2,500 kwa kila tani ya uwezo wa kubeba kwa mwaka, yawe ya shoorumu au ya mtumba, na ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, huyafikia yote. Kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa nacho ni cha yote tangu kanuni za Waziri John Michuki za 2003, ingawa kuna malori ya Kamenu ambayo kifaa hicho kwao ni matumaini.

Hukumu ya mtaalamu basi ni hii. Mwenye kandarasi ya maandishi na akiba ya kulipia benki miezi mitatu ya masika anunue jipya. Mwenye fedha taslimu, fundi wake mwenyewe, na robo ya bei iliyowekwa kando kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, anunue lililotumika, baada ya kupekua kumbukumbu zake NTSA na kuhakikisha hakuna mkopo wa logbuku uliojificha. Wengine wote wakodishe lori kwa safari na kumwachia mwenyewe huzuni zake. Ada ya ushauri hulipwa na mnunuzi, kamisheni hulipwa na muuzaji, zote mbili kabla injini haijawashwa, na hazirudishwi.