Namna ya Kumpenda Mwenye Kiwanda Bila Kutoka Babati

Mji wa Babati umeshapendeshwa na mataifa mengi. Kulikuwa na enzi za tamthilia ya Isidingo pale ITV, na mgodi wake wa dhahabu na ugomvi usiokwisha. Mwaka 2011 TBC ikatuletea Doudou wa China na mama wakwe zake, wote wakizungumza Kiswahili safi kutushinda. Kisha Azam ikamleta Sultan, ugali ukawa unapoa mezani kila jioni, watu wako Istanbul.

Sasa mambo yamehamia Uingereza, na si Uingereza ya malkia na bustani. Ni ile ya masizi, dohani na vumbi la pamba. Kinachosambaa flashi kwa flashi ni tamthilia ya BBC ya mwaka 2004, sehemu nne tu, iliyotokana na riwaya ya Elizabeth Gaskell iitwayo North and South. Kisa ni chepesi kusimulia. Margaret Hale, binti wa mchungaji aliyeacha uchungaji, anahama kutoka kusini kwenye maua hadi Milton, mji wa viwanda wa kaskazini ambao Gaskell aliuchora kwa kuutazama mji aliokuwa akiishi, Manchester. Huko anakutana na John Thornton, mwenye kiwanda cha pamba, aliyenuna kuanzia sehemu ya kwanza hadi dakika za mwisho za sehemu ya nne. Wanawake wenye akili timamu na kazi zao wanamlilia mwanaume huyo.

Kwa kuwa ugonjwa haukingiki, ni heri kuugua kwa utaratibu. Fuata hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza: Achana na wacheza dansi

Wanaoanza hukimbilia kwa Bwana Darcy wa Jane Austen, yule wa riwaya ya mwaka 1813. Ana pauni 10,000 kwa mwaka na hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi. Asubuhi yuko juu ya farasi, mchana anaandika barua, jioni anasimama ukutani akidharau dansi ya wenzake. Mtu wa hivyo akihamia Bagara au Maisaka, fedha tele na shughuli haijulikani, mwenyekiti wa mtaa atapita kumsalimia kabla wiki haijaisha.

Thornton hana siri. Fedha zake zinasikika zikinguruma hadi barabarani. Baba yake alikufa akiacha madeni, yeye akaacha shule akaenda kufanya kazi dukani, akayalipa. Kwa hiyo unapochagua wa kumpenda, angalia vigezo vitatu: awe na mashine inayopiga kelele, awe na deni, na awe na watu wanaomngojea siku ya mshahara. Asiye na hata kimoja, mwache pamoja na Darcy.

Hatua ya pili: Andaa mazingira

Msimu mzuri ni Juni na Julai, wingu linapoukalia Mlima Kwaraa na baridi inawapa watu sababu ya kulala mapema. Tafuta blanketi, chai ya maziwa, na kompyuta yenye chaji kamili, maana umeme una tabia ya kukatika posa inapotamkwa.

Usithubutu kuipeleka tamthilia hii kibanda umiza. Tumelelewa na muvi zilizotafsiriwa, kazi ya watu kama Lufufu hapa kwetu na DJ Afro kule Kenya, na hatuwezi kuwalipa fadhila zao. Lakini mtafsiri ana adui mmoja, naye ni ukimya, na Thornton ameumbwa kwa ukimya. Kuna pale Margaret anapoondoka Milton, theluji inaanguka, gari la farasi linasogea, na mwanaume amesimama mlangoni akimwomba kwa sauti ya chini ageuke amtazame. Hageuki. Mtafsiri hatakuachia hapo. Utasikia: "Huyu jamaa anaitwa Joni, mnamwona alivyokufa ganzi? Mrembo geuka basi, mwenzio anaumia!" Kibanda kizima kitaangua kicheko, na wewe utakuwa umepoteza sekunde 20 bora za maisha yako.

Hatua ya tatu: Mheshimu mama mkwe

Watazamaji wa kwingine humwona Bi Hannah Thornton kuwa mwanamke mkali. Babati tunamwona ni mama wa kawaida. Amevaa nyeusi, anakaa dirishani, anajua bei ya kila kilichomo ndani na anaamini hakuna msichana aliyezaliwa wa kumtosha mwanawe. Akikuuliza kwa nini hujaja kukiona kiwanda, jibu sahihi ni kwamba utakuja kesho.

Kwenye riwaya kuna jambo dogo ambalo mwenye moyo hawezi kulisoma kwa kasi. Siku mwanawe anapokwenda kuposa, mama anavitoa vitambaa vyake vya meza, anaanza kufumua uzi wa herufi za jina lake mwenyewe ili apate nafasi ya kutarizi za bibi harusi. Anafumua huku hamtaki huyo bibi harusi. Kisha mwana anarudi amekataliwa. Ukishaliona hilo, hutamwita mama mkwe yeyote mchawi tena, walau kwa siku mbili.

Hatua ya nne: Jifunze namna ya kutoposa

Hapa Thornton anatufundisha kwa kukosea. Alikwenda kuposa peke yake, siku moja tu baada ya vurugu, bila barua, bila mshenga, bila mjomba hata mmoja. Hoja yake ilikuwa kwamba jana yake Margaret alisimama mbele yake wagomaji waliporusha mawe, jiwe likampata yeye Margaret. Akadhani shughuli imeisha. Msichana wa watu akamkatalia palepale, na haki yake.

Kwa taratibu zetu barua ingetangulia, na kishika uchumba ndani ya bahasha. Wazee wangekunywa soda, wangeuliza ukoo, wangeomba muda wa kutafakari ambao kila mtu anajua ni wa kuchunguza madeni ya kijana. Kama ni kukataliwa, angekataliwa kwa staha kupitia mtu wa tatu, na tamthilia ingeishia sehemu ya pili. Kwa hiyo tuwashukuru Waingereza kwa kukosa washenga. Raha yetu yote inatokana na upungufu huo.

Hatua ya tano: Usiruke mgomo

Wapo wanaosogeza mbele kila wafanyakazi wanapotokea, ili wafike haraka kwenye mahaba. Hiyo ni sawa na kutokutazama kabisa, kwa sababu mahaba yenyewe yamo ndani ya mgomo.

Gaskell hakuutunga mgomo hewani. Alikuwa mke wa mchungaji mjini Manchester, na mwaka 1853 hadi 1854 wafanyakazi wa pamba wa Preston, mji wa jirani, walikaa nje ya viwanda kwa miezi mingi wakidai nyongeza ya asilimia 10. Riwaya yake ikaanza kutoka kwa vipande Septemba 1854 katika gazeti la Charles Dickens. Ndani yake yumo Bessy Higgins, msichana wa miaka 19, anayekufa kwa vumbi la pamba lililojaa mapafuni. Anaeleza kwamba kuna gurudumu la kupuliza vumbi hilo nje, ila linagharimu pauni 500 au 600 na halileti faida, kwa hiyo matajiri wengi hawalifungi. Baada ya kusikia hivyo huwezi kumtazama mwanaume mwenye kiwanda ukaishia kwenye macho yake. Unataka kujua kama amefunga gurudumu.

Msomaji wa Kiswahili haoni ugeni hapo. Aliyesoma Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, anajua mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948 ulivyoingia hadi jikoni mwa watu. Na mkulima wa Babati hahitaji kueleweshwa namna soko la mbali linavyoweza kuvunja uchumba wa karibu. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei huku ikaporomoka. Harusi zilizokuwa zikisubiri mbaazi ziuzwe ziliendelea kusubiri. Thornton naye anaangushwa hivyo hivyo: mgomo umemchelewesha, oda hazikutimia, benki inadai. Shemeji yake anamwalika kwenye mradi wa kubahatisha utakaomtoa. Anakataa, kwa kuwa angekuwa anacheza kamari na fedha za watu wanaomdai. Mradi ule ukaja kulipa. Shemeji akatajirika, yeye akafunga kiwanda. Kama hujampenda hapo, zima kompyuta ukalale.

Hatua ya sita: Fanya mazoezi kwa vitendo

Babati haina kiwanda cha nguo. Cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kiko Dar es Salaam, mbali kwa nauli. Lakini kila mtaa una mashine ya kusaga, na hiyo inatosha.

Nenda saa kumi jioni, foleni ikiwa ndefu. Simama mlangoni, jua likiwa linaingia kwa pembeni. Utaona unga unaelea kwenye mwanga kama pamba ya kiwanda cha Thornton siku Margaret alipofungua mlango kwa mara ya kwanza. Mkanda unapiga, ukuta unatetemeka, na katikati ya hayo yupo kaka mmoja, nyusi nyeupe, anagonga bomba kwa kiganja ili pumba ishuke. Haongei. Hawezi, hatasikika.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Sembe au dona?"

"Dona."

"Weka kwenye mzani."

Hayo ndiyo mazungumzo yote, na Waingereza wametengeneza saa nne za televisheni kwa machache kuliko hayo. Angalizo: siku ya kwanza Margaret anapoingia kiwandani anamkuta Thornton akimpiga mfanyakazi aliyekutwa akivuta tumbaku mahali ambapo cheche moja ingeteketeza watu. Sababu ilikuwepo, kipigo hakikuhalalika, na yeye Margaret hakumsamehe upesi. Ukimkuta kaka wa mashine anamshushia kibarua makofi, chukua ndoo yako uende mashine nyingine.

Hatua ya saba: Tafuta stesheni

Mwisho wa tamthilia unatokea stesheni ya treni. Thornton anatoka kusini, Margaret anatoka kaskazini, treni zimesimama, wanakutana katikati. Kwenye riwaya walikutana tu sebuleni London, lakini BBC iliona sebule haitoshi.

Sisi treni hatuna. Tunayo stendi, na kijiografia tumependelewa: Arusha iko kilomita 170 hivi upande mmoja, Dodoma kilomita 250 hivi upande mwingine, na tangu barabara ya Dodoma ifunguliwe kwa lami mwaka 2018 mabasi yanapishana hapa mchana kutwa. Kila kinachohitajika kwa kisa kile kipo. Tatizo ni utulivu. Kabla hamjashikana mikono, kijana wa karanga ameshapita kati yenu, mpiga debe ameshalichukua begi lako kulipeleka Singida, na konda anapiga bodi akitangaza gari linaondoka. Ukitaka kubusiwa hapo, busiwa haraka.

Hatua ya nane: Andikishaneni

Wengi hufunga macho busu linapoanza, wakakosa jambo kubwa la mwisho. Margaret amerithi mali, na hakuja kulia. Amekuja kumkopesha Thornton. Kwenye riwaya anazitaja fedha zake hadi pauni ya mwisho: 18,057, zimelala benki zikizaa riba ya asilimia mbili na nusu tu, bora zifanye kazi kiwandani. Mwanamke yeyote wa kikoba ataitambua lugha hiyo.

Ila kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, wakishaoana fedha hizo zinakuwa za mume. Wake walingoja sheria za mwaka 1870 na 1882 ndipo wakaanza kumiliki chao. Wewe unayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayomruhusu mke kuwa na mali yake. Mpende, mkopeshe, lakini kwa maandishi na mashahidi wawili.

Siri ya tamthilia hizi za viwandani ni kwamba, tofauti na za madansi, mwanaume hapimwi na msichana peke yake. Anapimwa na wanaomfanyia kazi. Thornton anaanza kupendeka kikweli pale anapompa kazi Nicholas Higgins, kiongozi wa wagomaji aliyemtesa, kisha wakaanzisha pamoja jiko la wafanyakazi, na bosi akawa anakaribishwa kula nao. Kwa hiyo kabla hujampa moyo mwenye mashine, mwenye lori la mbaazi au mwenye shamba la miwa kule Kiru, usiulize macho yake ni ya rangi gani. Waulize vibarua wake walilipwa lini. Wakitazamana kabla ya kukujibu, rudi nyumbani ukaiangalie tena sehemu ya nne.